Kuhamisha injini ya pikipiki kwenda kwenye gari: pima kwanza, ndipo ufungue

Usinunue injini peke yake. Nunua pikipiki nzima, hata kama imegongwa, hata kama fremu yake imepinda na haitarudi tena barabarani. Injini iliyokwisha kutolewa huvutia kwa sababu imefutwa vumbi na bei yake ni ndogo, lakini injini ya pikipiki ya kisasa haiwaki bila wenzake: kompyuta yake, ufunguo wenye chipu unaotambuana na kompyuta hiyo, waya zote, dashibodi, boksi la hewa, throtoli, pampu ya petroli, koili, regyuleta, rilei ya stata na sensa zote. Ukianza kutafuta kimoja kimoja baadaye, utatumia zaidi ya bei ya pikipiki, na utaletewa sehemu za toleo la mwaka mwingine ambazo plagi zake haziingiliani na waya ulizo nazo.

Halafu kuna vitu visivyouzwa dukani. Injini ililala kwa pembe gani ndani ya fremu? Sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) ilikuwa umbali gani kutoka kwenye boliti ya kwanza ya kushikilia injini? Mirija ya petroli na ya upumuaji ilipita wapi? Majibu yote yamo kwenye pikipiki iliyosimama mbele yako, na hupotea siku unapoanza kufungua. Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya rula na kamera kabla haijawa ya spana.

Jambo lenyewe si geni. Uingereza ya miaka ya 1950, madereva wa mbio za Formula 3 za cc 500 walizitaka sana injini za Norton Manx, na kwa kuwa kiwanda hakikuwa kikiuza injini pekee, walinunua pikipiki nzima, wakatoa injini, wakaziacha fremu. Fremu hizo zilikuwa nzuri mno kutupwa. Watu wakazitia injini za Triumph, na pikipiki zilizotokana na ndoa hiyo zikaitwa Triton. BMW nao waliuza kigari cha Isetta mwaka 1955 kikiendeshwa na injini ya silinda moja iliyotoka kwenye pikipiki yao.

Pikipiki ipi, na iwe katika hali gani

Wengi huchagua injini ya silinda nne ya cc 900 hadi 1,300. Yamaha R1 ya mwaka 1998 ina cc 998 na takriban nguvu farasi 150. Suzuki Hayabusa ilianza mwaka 1999 na cc 1,299, ikapandishwa hadi cc 1,340 mwaka 2008. Injini za namna hii, pamoja na giaboksi yake ya gia sita, huwa na uzito wa kilo 60 hadi 90 hivi. Kwa gari jepesi, hiyo ni neema.

Ila usidanganyike na nguvu farasi. Injini ya cc 1,000 hutoa msokoto (nguvu ya kuzungusha, hupimwa kwa Nm) wa karibu Nm 105 hadi 115, sawa na gari dogo la kawaida la cc 1,300. Tofauti ni kwamba gari hilo hutoa msokoto wake karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika, na pikipiki huutoa kwenye mizunguko 8,000 na zaidi. Pikipiki na mpandaji wake ni kilo 280 hivi. Gari likivuka kilo 600, klachi itakuwa inaungua kila unapoondoka kwenye taa za barabarani. Lenga kilo 500 au pungufu, na kama gari ulilo nalo ni zito, tafuta injini ya gari. Hapo hakuna ujanja mwingine.

Pikipiki iliyogongwa mbele ndiyo bora: uma wa gurudumu la mbele na rejeta vimekufa, injini mara nyingi haijaguswa. Iliyoteleza kwa ubavu ichunguze zaidi. Angalia kama kifuniko cha ubavuni kimesagika hadi kutoboka, na uliza kama injini iliendelea kuunguruma pikipiki ikiwa imelala, kwa maana ikiwa hivyo pampu ilikuwa inanyonya hewa. Tazama pia nyuma ya sproketi ya mbele. Cheni ikikatika hujikunja hapo na kupasua kasha la injini. Ufa huo hufichwa kirahisi na matope na grisi.

Iwashe ikiwa baridi. Pima kompresheni ya kila silinda, throtoli ikiwa imefunguliwa yote: namba zenyewe hutegemea injini, lakini silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Inyanyue gurudumu la nyuma, ingiza gia zote sita, kisha bana breki ya nyuma kidogo ili kila gia ipate mzigo. Gia ya pili ndiyo huchakaa mapema, hasa kwa pikipiki zilizopandwa na watu wa kuinua gurudumu la mbele. Ikiruka na kutoka chini ya mzigo, utalazimika kulipasua kasha lote ili kuirekebisha. Kagua pia namba ya injini dhidi ya karatasi za umiliki, maana gari lako litaulizwa injini hiyo ilitoka wapi.

Siku ya kupima

Simamisha pikipiki wima kwenye sakafu iliyo sawa, kwa kimo chake cha kawaida, si juu ya stendi ya nyuma inayoinua mkia. Weka kipima pembe juu ya sehemu iliyochongwa kiwandani, kama ukingo ambapo kasha la juu na la chini hukutana, na uandike namba hiyo mahali pawili. Injini itakaa kwenye gari kwa pembe hiyo hiyo. Ukiilaza zaidi, mdomo wa kunyonya oili hautakuwa tena mahali oili inapojikusanya. Kama ina kabureta, vyelea navyo vitakaa vibaya na petroli itafurika.

Tengeneza kigezo cha boliti za kushikilia injini: bamba au mbao nyembamba iliyotobolewa ikiwa bado imeshikwa na fremu. Pima kutoka uso wa sproketi hadi kila boliti. Usiikate wala kuiuza fremu hadi injini iwe imeshapata makao mapya.

Waya ndizo zinazohitaji subira kuliko kitu kingine. Kila plagi ipigwe picha ikiwa imechomekwa, kisha ifungwe utepe ulioandikwa jina la kitu inachokihudumia, pande zote mbili. Andika kwa kalamu isiyofutika na petroli. Usikate waya hata mmoja katika hatua hii, hata wa taa ya nyuma.

Kufungua

Kwanza washa injini dakika chache, uizime, ndipo utoe waya hasi wa betri. Kisha mwaga petroli, uondoe kiti, tangi na mabodi. Mwaga oili ingali na moto. Oili ya moto hutoka na uchafu wake. Imwage ndani ya beseni safi na uiangalie juani: unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia ni wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida.

Sasa, kabla hujagusa cheni wala breki ya nyuma, legeza nati ya sproketi ya mbele. Hukazwa kwa nguvu kubwa, mara nyingi karibu Nm 100, na washa yake hukunjwa ili isilegee. Ikunjue washa kwa patasi butu, ingiza gia, mtu akanyage breki ya nyuma, uifungue kwa spana ya boksi na mpini mrefu. Ukishatoa cheni huna tena cha kuizuia shafti isizunguke, na watu huishia kuchomeka bisibisi kwenye meno na kuvunja kasha.

Ondoa ekzosi, boliti zake zikiwa zimelowekwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Stadi (boliti isiyo na kichwa) ikikatikia ndani ya kichwa cha silinda, kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima. Kisha rejeta, boksi la hewa, throtoli. Ziba mara moja matundu ya kuingizia hewa kwa kitambaa safi au utepe mpana. Nati moja ikidondokea humo, kichwa cha silinda lazima kivuliwe.

Injini yenyewe iegemeze kwenye jeki yenye kipande cha mbao chini ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), mzigo ukienea; sampu ni alumini nyembamba. Fremu nyingi za alumini zina vikola vya kurekebisha nafasi vyenye nati ya mikato minne, na nati hizo hutaka boksi maalumu. Usizigonge kwa patasi, utaharibu uzi ndani ya fremu na utapoteza kikola ambacho huenda ukakihitaji kwenye kitanda kipya cha injini. Boliti zote zikishatoka, ni rahisi zaidi kuinyanyua fremu kutoka juu ya injini kuliko kuivuta injini kutoka ndani ya fremu.

Oili, oili, oili

Hapa ndipo injini nyingi hufia, na inafaa tuelewe kwa nini.

Pikipiki ikikata kona hulala. Kwa sababu imelala, uzito na nguvu ya kona kwa pamoja hushuka moja kwa moja kuelekea chini ya injini, kama maji ndani ya ndoo inayozungushwa kwa kamba. Oili haijui kama kuna kona. Gari halilali. Likikata kona kwa nguvu sawa na uzito wake, uso wa oili ndani ya sampu huinuka kwa nyuzi 45. Mdomo wa kunyonya unabaki mkavu, pampu inavuta hewa, na injini inazunguka mara 10,000 kwa dakika bila utando wa oili kwenye beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini). Hakuna onyo la sauti hadi uharibifu uwe umekwisha kutokea.

Namna injini ilivyogeuzwa hubadili tatizo. Ikiwekwa nyuma ya dereva kama ilivyokuwa kwenye pikipiki, kranki ikiwa imekingama, kila kona inaisukuma oili upande ambao sampu haikubuniwa kuuhimili. Ikiwekwa mbele na kugeuzwa ili sproketi itazame nyuma, kona za gari huifikia injini kama breki na kuongeza kasi kwa pikipiki, mambo ambayo sampu ya kiwandani inayajua kwa kiasi. Lakini sasa breki za gari ndizo zinazoisukuma oili ubavuni. Kwa bahati, breki hudumu muda mfupi kuliko kona ndefu.

Dawa ya chini kabisa ni bamba la alumini la milimita 3 linaloziba sampu kwa juu, likizunguka shingo ya mdomo wa kunyonya, na matundu madogo ya kurudishia oili. Kazi yake ni kuizuia oili isipande ukutani. Bora zaidi ni sampu yenye vyumba na vilango vya bawaba vinavyoruhusu oili kuingia kwenye mdomo bila kutoka. Kwa mbio zenye tairi laini, weka mfumo wa sampu kavu: oili inakaa kwenye tangi la pembeni na pampu ya ziada huifyonza kutoka chini ya injini. Kuongeza nusu lita juu ya alama husaidia kidogo, lakini ukizidisha, kranki huipiga oili ikatoka povu, na povu halibebi beringi.

Wengi hufupisha sampu ili isigonge barabara. Ukifanya hivyo, mdomo wa kunyonya nao ufupishwe kwa kipimo hicho hicho. Hakiki kwa udongo wa kufinyanga wa watoto: bandika donge kwenye sakafu ya sampu, ifunge kavu, ifungue, upime unene uliobaki chini ya mdomo. Nafasi hiyo iwe ile ile ya kiwandani.

Taa ya oili ya pikipiki huwaka presha ikiwa imekaribia sifuri, yaani imechelewa. Funga swichi ya bar 1.5 hadi 2 na taa kubwa nyekundu mbele ya macho ya dereva. Itawaka injini ikiwa ya moto na inaunguruma taratibu bila kuongezewa petroli. Hilo si neno. Ikiwaka kwenye kona, ondoa mguu.

Na oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2. Klachi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na msuguano ndio kazi ya klachi.

Kutoka sproketi hadi magurudumu

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni cheni hadi kwenye difu (kifaa cha meno kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili) yenye sproketi, injini ikiwa nyuma. Ni nyepesi, na uwiano hubadilishwa kwa kubadili sproketi. Ya pili ni kuondoa sproketi na kufunga flanji (bamba la mviringo la kuunganishia shafti) yenye meno yale yale ya ndani, kisha shafti ya propela hadi difu ya kawaida.

Kwa njia ya pili, mwelekeo wa mzunguko una maana. Pikipiki nyingi zina sproketi upande wa kushoto. Ukiigeuza injini ili kushoto kwake kutazame nyuma ya gari, ekzosi inatokea upande wa kushoto wa gari na propela inazunguka kama difu ya kawaida inavyotaka. Pikipiki yenye sproketi upande wa kulia itakupa gia sita za kurudi nyuma na hakuna ya kwenda mbele.

Fanya hesabu kabla ya kununua difu. Tuseme punguzo la kwanza, kati ya kranki na klachi, ni 1.6, gia ya kwanza 2.6, ya sita 1.15, kikomo mizunguko 12,000, na tairi husafiri mita 1.8 kwa mzunguko mmoja. Kwa difu ya 3.6, gia ya kwanza inafika kilomita 87 kwa saa na ya sita 196. Kuondoka na gia ya kwanza ndefu kiasi hicho ni kuitesa klachi. Kwa difu ya 4.4, ya kwanza inakuwa 71 na ya sita 160. Mimi huipendelea hii ya pili kwa karibu kila gari. Kasi ya 196 hupatikana kwenye karatasi tu, kuondoka hutokea kila siku.

Kwa cheni, usidharau mvuto wake. Msokoto wa Nm 100 ukipita kwenye punguzo hilo na gia ya kwanza unakuwa Nm 416 kwenye sproketi. Sproketi ya meno 16 ya cheni ya saizi ya 530 ina nusu kipenyo cha milimita 40.7 hivi, kwa hiyo cheni inavuta kwa zaidi ya kilo 1,000. Nguvu hiyo inaivuta injini kuelekea difu. Kitanda kikinyumbuka, cheni inalegea, inaruka meno, na inarudi kupasua kasha. Unganisha injini na difu kwa mihimili iliyonyooka, na utumie matundu ya kiwandani tu. Kasha la injini halitobolewi.

Propela nayo iwe na mteremko wa kujirefusha na kujifupisha ili isiisukume shafti ya giaboksi kwa ncha, na isawazishwe vizuri: kwa uwiano tuliotumia, gia ya sita huizungusha mara 6,500 kwa dakika.

Klachi ipewe springi ngumu zaidi na sahani mpya zilizolowekwa kwenye oili usiku kucha. Bamba la klachi linahitaji kunyanyuka milimita chache tu, na mguu una nguvu kuliko vidole, kwa hiyo weka kizuizi cha chuma chini ya pedali. Fanya vivyo hivyo kwenye throtoli, na kwenye rodi ya gia, pande zote mbili. Uma za gia hupinda kwa urahisi wa kusikitisha. Gia ya kurudi nyuma haipo: utahitaji giaboksi ndogo ya kugeuza mzunguko katikati ya propela, au mota ya umeme inayosukuma ringi ya meno. Soma sheria za usajili za kwako kabla ya kuamua kuiacha.

Joto, petroli na umeme

Rejeta ya pikipiki haitoshi isipopata upepo wa mbele. Weka ya gari dogo, feni ya umeme, na tangi la maji mahali pa juu kuliko injini yote ili hewa itoke. Acha thamostati mahali pake.

Mfumo wa sindano za kupulizia petroli hutaka presha ya karibu bar 3 na chombo kidogo cha akiba kati ya tangi na pampu, ili kona zisiikoseshe pampu petroli. Kabureta hutaka presha ndogo mno. Pampu ya sindano itazifurisha. Boksi la hewa lifungwe tena. Bila hilo, kabureta za diafragma hupoteza mpangilio wake na hakuna jeti itakayoziponya kikamilifu.

Sensa ya kuanguka ifungwe wima, ikitazama kama ilivyokuwa, la sivyo injini itazimwa kila inapowashwa. Swichi za stendi ya pembeni, klachi na nyutro ziunganishwe au zipewe mbadala. Pikipiki zenye throtoli ya umeme hutaka sensa ya mkono wa petroli iunganishwe na pedali kwa kebo. Ni kazi ya ziada, ndiyo sababu injini zenye kebo bado zinatafutwa. Hesabu pia wati. Alteneta ya pikipiki hutoa takriban 350 hadi 500 kwenye mizunguko ya kati. Taa mbili za mbele 110, feni 120, pampu 60, koili na kompyuta kama 80: umeshafika 370 kabla ya vifuta maji. Taa za LED si anasa hapa. Regyuleta ipate upepo.

Kuwasha mara ya kwanza

Toa plagi zote nne za cheche, zima pampu ya petroli, uzungushe kwa stata sekunde 5 hadi 10 kwa awamu, ukipumzisha stata kati yake, hadi kipimo cha presha ya oili kinyanyuke. Isiponyanyuka, usirudishe plagi. Kagua mdomo wa kunyonya na oringi yake. Ikishawaka, iache ifikie joto la feni kuanza, zima, ongeza maji, kagua kila kiungo.

Bomba la upumuaji wa kasha liende kwenye chupa ya kukusanyia ya lita 1 au 2. Baada ya mwendo mkali wa kwanza ifungue: oili nyingi humo inamaanisha umejaza kupita kiasi, au bamba la sampu halirudishi oili chini haraka. Kwenye kilomita 100 mwaga oili, kata chujio la oili kwa kikata bomba kisichomwaga chenga, nyoosha karatasi yake kwenye beseni. Ukiona unga wa kijivu tu, endelea na safari. Vimeti vya rangi ya shaba ni beringi za kranki au konrodi zikilika, na injini hiyo isiwashwe tena hadi sampu ishushwe na beringi zikaguliwe.